Nilivyokimbiza Kifo Mpaka Ndani ya Ziwa

Nyinyi mnaosafiri mwezi ujao, nimewaona mkipanga masanduku. Mmoja wenu amebeba pasi ya umeme. Unaenda kuhubiri ama unaenda kufungua dobi? Mwingine amenionyesha kitabu kinachoeleza vile watu wa huko wanasalimiana, wanakula, wanaoana, mpaka vile wanavyopiga chafya. Nikamwuliza, "Na wewe umeshakula na hata mmoja wao?" Hajala. Basi weka kitabu kando, vuta kiti, nikueleze vile mimi Waweru wa Nyeri, mmisionari mstaafu mwenye goti moja bovu, nilivyofanya mtihani wangu wa mwisho kwenye boma lisilokuwa la mtihani. Niliufanyia matangani, mbele ya watu waliofiwa kweli kweli.

Ndiyo, matangani. Msicheke mapema, mtachoka njiani.

Kwanza mjue nilifikaje Kisumu. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kanisa letu lilikuwa limeombwa mtu wa kwenda Malawi, akae na wavuvi wa ziwa la kule, na kamati ikakaa Nyeri ikatafuta kijana anayeyajua maziwa. Ikanipata mimi. Maji mengi niliyokuwa nimewahi kuyaona ni ya mto Chania, nao tulikuwa tukiuvuka kwa kuruka mawe. Samaki sikuwa nimemla hata siku moja, kwa sababu kwetu samaki alihesabiwa kuwa jamaa ya nyoka, na mtu mwenye heshima zake hali jamaa ya nyoka. Mwenyekiti akasema si neno, apelekwe shule ya wamisionari kule Mamboleo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, azoee. Nikaenda. Nikala maharagwe ya shule miezi yote hiyo, na ziwa nikawa naliona kwa mbali kupitia dirisha la choo.

Mwalimu wetu aliitwa Zakayo, Mluhya mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa ametumika nchi za watu muda mrefu hata akikasirika alikuwa anagomba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na sisi tulishukuru Mungu kwa hilo. Kila asubuhi kabla ya uji alitukaririsha vitabu vyote vya Biblia kwa mpangilio wake, na kila asubuhi nikifika kwa manabii wadogo nilimruka Nahumu. Natoka kwa Mika, natua kwa Habakuki. Zakayo anapiga meza: "Waweru! Nahumu alikukosea nini?" Hata leo sijui.

Sasa, mtihani wa mwisho. Zakayo hakuamini karatasi. Alikuwa amepatana na mzee mmoja wa kanisa, Mzee Yona wa Asembo Bay, kwamba boma lake lote lijifanye nchi ya kigeni. Watoto, wake za watoto, majirani, wote wajitie ugeni, wabuni desturi zao, wamchanganye mwanafunzi kichwa, halafu Yona atoe ripoti. Mwanafunzi anaachwa huko peke yake mpaka Mwalimu aje amchukue. Akianguka, hapandi meli.

Na mimi kuanguka nisingeweza, jameni. Mama yangu alikuwa ameshatangaza soko zima la Karatina kwamba mwanawe anavuka nchi. Kanisa la nyumbani lilikuwa limeniaga kwa maombi, likanichinjia mbuzi na kunipa blanketi. Blanketi ungeweza kurudisha ukilikunja vizuri. Mbuzi je?

Asubuhi ya kwenda Zakayo alinisimamisha langoni akanipa masharti, akiyapigilia kwa fimbo yake kwenye kiatu changu. "Ukifika nchi ya watu, macho yatangulie, mikono ifuate, mdomo uje mwisho. Wanachofanya, fanya. Usiulize. Na sikiza: kule unakoenda Kiswahili hawakijui. Kwa hivyo mtu yeyote akikusemesha Kiswahili kule Asembo, ujue anakutega. Usijibu!" Nikamwuliza boma nitalijuaje. Akasema, "Fuata njia ya kando ya ziwa. Utakuta watu wamejaa uani wanakungoja."

Basi la abiria likanishusha, nikafuata njia. Boma la kwanza lenye ua mzuri lilikuwa kimya kabisa, mbuzi na kuku peke yao. Lile ndilo lilikuwa boma la Yona! Lakini Yona na jamii yake hawakuwepo. Jirani yao, mzee fundi wa mashua, alikuwa amezikwa jana yake, na wote walikuwa wameenda kukaa na wafiwa kama ujirani unavyotaka. Yona hakudhani Mwalimu angeleta mchezo wakati wa msiba. Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba mbele kidogo nilisikia makelele, nikaona ua umejaa watu. Nikajiambia, Waweru, nchi yako ya kigeni ndiyo ile.

Na msiniulize eti vipi sikutambua matanga. Kwetu siku hizo mtu akifa mlimzika upesi, mkaomba, mkarudi shambani kupalilia viazi. Sikuwa nimewahi kuona matanga ya Wajaluo. Wale hawaruhusu mtu wao aondoke kimyakimya kama mgeni aliyekosa chai. Wanamlilia kwa sauti, kwa mbio, kwa nyimbo, siku kadhaa.

Nilipofika langoni kundi la akina mama lilikuwa linaingia, mikono kichwani, wanakimbia wanalia. Macho yametangulia, nimeona. Mikono ifuate: nikaiweka kichwani. Nikakimbia nyuma yao. Shida ikawa mdomo, maana wenzangu walikuwa wanalia kwa maneno, na mimi Kiswahili nimekatazwa, Kikuyu ningejifichua, Kijaluo sijui. Kilichokuja kichwani ni kile nilichokuwa nakariri kila asubuhi. Nikapaza sauti: "Hoseaaa! Yoeli weee! Amosi! Amosi wangu! Obadia-a-a! Yona! Oi, Yona!"

Mzee mmoja, ambaye kumbe ndiye Yona mwenyewe, akaruka kutoka kwenye kigoda chake. "Mimi bado iko hapa!" akasema kwa Kiswahili, anajipapasa kifua. "Nani amesema mimi nimekufa?"

Kiswahili! Nikajua ni mtego, nikampita. Nikamlilia Mika, nikamruka Nahumu kama kawaida, na nikaanguka kwa magoti nikimwita Habakuki mbele ya kitu nilichodhani ni kitalu cha miche: udongo mpya, umepangwa vizuri, mbele ya nyumba. Nikasema moyoni, hawa watu ni wakulima safi.

Mlangoni alikuwa ameketi mama mmoja mzee juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Huyo ndiye alikuwa mjane, Mama Abigaeli, na watu walimwita Min Odera kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alinitazama sana. Kisha akavuta leso akajifunika uso, mabega yakaanza kutetemeka. Nikawaza, huyu mama anajua kuigiza kuliko wote, nitamsifia kwa Mwalimu.

Odera mwenyewe, kijana mkubwa aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Kisumu, akanijia. "Omera, rafiki, wewe nani? Natoka wapi? Baba yangu ulijua namna gani?" Maskini, aliuliza kwa upole kabisa. Mimi nikaweka mkono kifuani, nikatazama juu mbinguni, nikafunga mdomo. Akarudi nyuma. Baba yake mdogo, Mzee Opiyo, akasema jambo kwa Kijaluo, na watu wakaguna wakinihurumia. Miaka baadaye Odera alinieleza Opiyo alisema nini, huku akishika mbavu: "Mwacheni. Uchungu umemfunga ulimi. Mtu halii hivi kwa ajili ya jirani. Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, wa nje. Na hao Hosea na Obadia ni ndugu zake wengine, wako njiani wanakuja."

Mnaelewa hapo? Mimi niko kwenye mtihani. Wao wanahesabu watoto wa nje wa marehemu. Na Odera, masikini ya Mungu, anaanza kujiuliza shamba litagawanywaje na manabii wote wale.

Wakaniletea chakula. Ugali, na samaki mzima, ngege, macho yake yananitazama. Jamaa ya nyoka! Lakini nikamkumbuka yule mbuzi wa Nyeri, nikasema mbuzi hakufa bure, nikaingiza mkono. Kumbe ni mtamu! Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikamla kwa pupa kama mtu anayekula nyama ya mbuzi, na mfupa ukanikwama kooni. Macho yakanitoka. Min Odera akafinyanga tonge la ugali kubwa, akanishika kidevu, akaniambia kwa ishara nimeze hivyo hivyo bila kutafuna. Nikameza, mfupa ukashuka. Hili liandikeni mahali: mfupa wa samaki ukikukwama usiukohoe, meza tonge kubwa zima zima. Limeniokoa Malawi mara nyingi kuliko dawa zote nilizobeba kwenye sanduku.

Kesho yake wanaume wakaanza kukusanyika na ng'ombe. Wamejifunga majani kichwani, wameshika fimbo na mikuki, wengine ngao za zamani. Wajaluo wana desturi mtu mzima akifa, wao huiita tero buru: wanaume wanatoka na mifugo kwa kelele na vumbi, wanapigana na hewa, wanakifukuza kifo kiende mbali na boma. Mimi nilidhani ni mashindano ya mbio. Nikasema aha, hapa ndipo watu wa milimani wanapotesa! Nikapewa fimbo, nikajifunga majani, nikasubiri waanze.

Wakaanza. Nikatoka mbio hiyo, weeh! Nikampita Opiyo, nikampita Odera, nikampita fahali wa kuongoza. Nyuma yangu nasikia watu wanapiga kelele, nikadhani wananishangilia, nikaongeza. Mbele yangu hakuna mtu, kwa hivyo nikajua ninashinda. Hakuna aliyekuwa ameniambia utepe wa mwisho uko wapi. Njia ikateremka, ikawa mchanga, ikawa matope, ikawa matete, na mimi bado nachapa hewa kwa fimbo, mpaka maji yakanifika kifuani, na hapo ndipo nikakumbuka sijui kuogelea.

Walinitoa kwa mkuki. Namaanisha upande wa mti, nikashika, wakavuta. Nilikuwa nimekunywa ziwa la kutosha na majani yangu yameelea yameenda zao Uganda. Nikadhani mtihani umeishia hapo. Lakini watu wananibeba juu! Wananiimbia! Opiyo machozi yanamtiririka. Katika ukoo wao wote hakuna mtu aliyewahi kukikimbiza kifo mpaka ndani ya maji na kutaka kukizamisha. "Huyu ni wetu," akawaambia kwa Kijaluo, kama nilivyokuja kuelezwa. "Hii damu ni ya ndugu yangu. Yeye pia hakuogopa maji."

Nilifurahi sana. Mtu akifaulu sana huanza kuongeza kazi ambayo hakuagizwa, na hilo ni jambo la pili la kuandika. Asubuhi iliyofuata niliamka nikaona kile kitalu kimekauka, jua la Asembo halina mchezo. Nikawaza, huku kulia kote wamesahau miche. Nikachukua debe, nikateremka ziwani, nikachota maji, nikaja nikamwagilia. Taratibu, kwa mkono, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama tulivyokuwa tukimwagilia miche ya kahawa. Nikang'oa na magugu mawili.

Nilipoinua macho boma zima limesimama kunitazama. Wazee walikaa kikao papo hapo kwa Kijaluo, nacho pia Odera alikuja kunisimulia. Mmoja akasema tumzuie. Opiyo akakataa. "Hatujui kwa mama yake wanafanya namna gani. Labda huko kwao mtoto hupoza baba yake na maji. Kila mahali pana yake. Mwacheni amalize." Wakaniacha nimalize. Mlangoni Min Odera alikuwa tena na leso usoni, mabega yanaruka.

Halafu Opiyo akanishika mkono, akanipeleka upande wa boma, akanionyesha kwa fimbo: kuanzia mti huu mpaka kichuguu kile. Mimi nikadhani ananionyesha mahali pa kwenda kuomba asubuhi. Nikatabasamu, nikainama, nikapiga magoti pale nikaomba. Kumbe nimepewa kiwanja cha kujenga nyumba. Odera aliyaona hayo akaenda kuketi peke yake nyuma ya ghala.

Na siku ya mwisho tukanyolewa. Nawaambia hilo lilikuwa gumu kuliko ziwa. Nilikuwa na nywele, jameni, nyinyi mnaniona hivi na upara. Nilikuwa nimechongwa barabara, ule mstari wa kugawa nywele, upande wa kushoto na kinyozi wa mjini Kisumu, na picha ya pasipoti nilikuwa nimepigwa na barabara hiyo. Watoto wa marehemu waliketi mstari mmoja, bibi mmoja anapita na wembe. Sikujua kwamba anayenyolewa pale ni mtoto wa nyumba; nilidhani nayo ni desturi waliyoibuni. Nilimwona Opiyo akitaka kunisimamisha aniulize jambo, lakini Min Odera akamkatiza kwa neno moja, akanionyesha mahali pa kuketi, kando ya Odera. Nikaketi. Barabara yangu ikaanguka yote mapajani.

Tukaletewa chakula, na sasa ndipo Zakayo alipotokea langoni.

Alikuwa ametoka bomani kwa Yona, amekuta mbuzi. Akamwona Yona kwenye kigoda. "Mzee, mwanafunzi wangu yuko wapi?" Yona akamwambia hajaonekana mwanafunzi. "Uliniambia ni Mkikuyu. Hapa hakuna Mkikuyu. Kuna tu huyu mtoto wa marehemu, anakula samaki anamaliza hata kichwa." Na akaninyooshea kidole.

Zakayo akaniangalia. Kichwa kinang'aa, uso umevimba kwa kulia, samaki nimeshika. "Waweru?" akasema.

Kiswahili au si Kiswahili, jina langu nililijua. Lakini masharti ni masharti. Nikaweka mkono kifuani, nikatazama mbinguni.

"Waweru! Ni mimi Zakayo! Nini hii?"

Nikatazama mbinguni zaidi. Nikajua sasa mtego umefika kileleni, wamemleta hata Mwalimu.

Akaanza kugomba kwa ile lugha yake, na Yona akamnong'oneza habari ya debe la maji. Alipochoka akashuka kwa Kiswahili, polepole, maana aliona watu wote wanasikiza. "Kijana. Hapa si kwa Yona. Hakuna mtihani hapa. Hawa watu wamefiwa. Hicho ulichokuwa unamwagilia maji ni kaburi."

Sijui niwaeleze vipi. Nikaitazama ile miche yangu. Nikamtazama yule mama kwenye mkeka, niliyekuwa nikimsifia moyoni kwa kuigiza. Samaki akaniponyoka. Nikafungua mdomo nijibu, na kitu kilichotoka hakikuwa neno, kilikuwa kilio, na safari hii hakikuwa na nabii hata mmoja ndani yake.

Opiyo akasimama na fimbo. "Kwa hivyo wewe nafanya mchezo? Ndugu yangu amekufa, wewe nafanya mchezo juu yake?" Na alikuwa na haki, msimlaumu. Odera peke yake ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini, kwa sababu shamba lake lilikuwa limerudi. Zakayo akavua kofia, akawaomba msamaha wote. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Chukua begi. Malawi huendi. Siwezi kutuma mtu anayemwagilia kaburi kama kitalu."

Nikafikiria soko la Karatina. Nikamfikiria mama yangu akipita katikati ya wauza viazi, wanamwuliza, "Mwanao ameshavuka?" Nikainama nikachukua begi.

"Weka chini hiyo begi," akasema Min Odera.

Hakuwa amesema Kiswahili siku zote hizo. Alikisema chake, cha kanisani. "Mwalimu, kaa. Opiyo, wewe pia kaa, fimbo utaumiza mtu nayo. Mimi nilijua huyu si mtoto wa bwana yangu tangu siku ya kwanza. Bwana yangu alikuwa na makosa yake lakini masikio kama haya hakuwa nayo. Alipoingia hapo langoni akilia Hosea, Yoeli, Amosi, nikasema huyu ni mtu wa kanisa. Alipomruka Nahumu, nikasema ni mwanafunzi."

Zakayo akafunika uso kwa mkono. "Hata hapa umemruka Nahumu?"

"Nilizika bwana yangu juzi juzi," akaendelea yule mama. "Nilifikiri mimi sitacheka tena. Huyu mtoto akanichekesha kabla jua lizame. Nimejificha kwa leso siku zote hizi mpaka leso imelowa. Alikuja hapa hajui mtu, akalia na sisi, akakula na sisi, akafukuza kifo mpaka akataka kufa yeye. Na sisi hatukumfukuza, ingawa alikuwa kama wazimu. Mimi ndiye nilisema anyolewe, ndio muache kumwuliza maswali. Mtu amelia na wewe, unataka akuonyeshe kipande cha kumtambulisha?" Akamgeukia Zakayo. "Hajui kitu huyu. Lakini anafanya kwa roho yote. Hao wako wengine wanaojua, wanafanya hivyo?"

Zakayo akakaa akizungusha kofia yake. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, "Beba begi lako twende, meli haingojei." Na ndivyo nilivyofaulu.

Bandarini Kisumu, siku ya kupanda meli ya Mwanza, mwanzo wa njia ya Malawi, wazazi wangu walikuja kwa gari la moshi kutoka kwetu, na kiondo cha viazi. Mama akaona kichwa changu. Kwetu pia, kichwa kama kile ni cha msiba. Akapiga yowe kwa Kikuyu, kidole kichwani kwangu: "Nani amekufa?"

Min Odera alikuwa hapo. Wazee walikuwa wamemkataza kusafiri akiwa mjane mbichi, akawaambia yeye ni mtu wa kanisa na anaenda kumsindikiza mtoto wake. Yowe kama lile halihitaji mkalimani; akajibu kwa Kiswahili, kwa upole, "Baba yake."

"Mimi nipo!" Baba akasema, akaangusha kiondo.

"Usijali, bwana," Mzee Yona, aliyekuja pamoja na Min Odera, akamwambia, "hata mimi alinililia."

Ikabidi Zakayo aeleze yote, na viazi vikaokotwa. Wale mama wawili hawakuwa na lugha ya pamoja, Kikuyu huku, Kijaluo kule. Wakashikana mikono, wakanitazama mimi na upara wangu, wakaanza kulia pamoja, halafu wakaanza kucheka pamoja. Mama akampa viazi. Min Odera akampa samaki wa kukaushwa, mkubwa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumgusa jamaa ya nyoka, alimbeba mpaka Nyeri, akamtundika ukutani sebuleni. Hakuna aliyethubutu kumla, na hakuna aliyeruhusiwa kumtoa.

Nikakaa Malawi miaka. Ya huko ni marefu, na mengi yanahusu punda. Nilirudi kwa likizo katika miaka ya sabini, nikashuka bandari ile ile, na mtu aliyeshika sanduku langu alikuwa Odera, amekuwa msimamizi, kichwa amenyoa. Nilikitazama kile kichwa na sikuhitaji kuuliza. "Mama, juzi," akasema. "Alikuwa anakuuliza."

Njiani kwenda Asembo Bay nilipanga kulia kistaarabu, mchungaji mwenye tai. Nilipofika langoni nikaona udongo mpya mbele ya nyumba, kando ya ule wa zamani, na mikono ikapanda kichwani yenyewe. Nikakimbia. "Hoseaaa! Yoeli weee! Amosi! Obadia!" Nikamlilia Yona, na pale kwenye kigoda, amezeeka hata haoni tena, Mzee Yona akainua fimbo: "Bado niko!" Watu wakacheka, nikacheka nami huku nalia. Nikamlilia Mika. Halafu nikasimama pale katikati ya ua, nikavuta pumzi, nikamwita Nahumu kwa sauti kuliko wote, nikamwita tena, na tena, mpaka Opiyo akaja akanishika.

Nilipotulia nikamwuliza Odera debe liko wapi. Hakuuliza ni la nini. Tukateremka wote wawili mpaka ziwani, tukachota, yeye akashika upande mmoja wa mpini na mimi upande mwingine, tukaja tukammwagilia.